Sabuni ya Nchi Gani

Mimi ni mtu wa kurudia. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma nione kama umefungika. Nikiandika sentensi naifuta, naiandika tena, halafu nagundua ile ya kwanza ilikuwa bora. Ukurasa huu wenyewe nimeuanza upya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nasema hivi mapema kwa sababu bila tabia hiyo habari ya sabuni isingetokea, au ingetokea kwa njia fupi zaidi.

Wakati wa vita, nyumbani Nyakabiga, Burundi, masomo yangu yalikatika. Shule ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, na ilipofunguliwa mara ya mwisho ada haikupatikana. Nikajifundisha mwenyewe. Nilikuwa na redio ndogo ya betri na vitabu visivyo na majalada nilivyovipata soko la Jabe, vingine vikianzia katikati. Kiswahili changu cha kuandika nilikitoa kwenye redio ya Dar es Salaam. Nilikaa na kalamu, nikasikiliza taarifa ya habari, nikarudia maneno ya mtangazaji kwa sauti ya chini mpaka mama yangu akauliza kama ninaumwa. Sauti ikiwa nzuri na mambo inayoyasema yakiwa ya kuchosha, mimi ndipo nilipofurahi. Vikao vya mawaziri wa biashara, kwa mfano. Wenzangu walizima, mimi nilisogea karibu.

Uani kwetu alipanga mama mmoja kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka. Tulimwita Tantine, kama tulivyowaita wanawake wote wa umri wa mama zetu. Alikuwa amekimbia vita vya kwao akaingia katika vita vyetu, na mtu akimuuliza ameona nafuu gani, alisema kwamba huku angalau watu hawamdai nauli ya kurudi. Kazi yake ilikuwa sabuni. Alichemsha mawese mpaka wekundu ukatoka, akatia soda kali iliyoyeyushwa kwenye maji pamoja na chumvi kidogo, akakoroga kwa mti mrefu, na uji ulipokuwa mzito aliufinyanga kwa mikono kuwa madonge ya ukubwa wa ngumi. Kila donge lilibaki na alama za vidole vyake vinne upande mmoja na dole gumba upande wa pili. Ukilishika, vidole vyako viliingia palepale vilipokuwa vya kwake.

Sabuni hiyo ilianza kumdodea. Sokoni Jabe ilikuwa imejaa miche ya sabuni kutoka mbali, imenyooka, ina karatasi yenye picha ya ua, na vijana walisema madonge ni ya bibi zao. Waliokuwa bado wanayataka walikuwa kusini mwetu kando ya ziwa, upande wa Tanzania, Kigoma na kandokando yake, maana watu wengi wa kwao Tantine walikuwa wamekimbilia huko. Alikuwa akiwapelekea kwa mtumbwi wa injini, kwa magendo. Mara ya mwisho watu wenye silaha waliwafyatulia risasi kutoka ufukweni, na nahodha akaamuru mizigo yote itupwe majini ili mtumbwi upate mbio. Tantine alirudi na nguo alizovaa tu. Alikaa kwenye kizingiti chake siku nzima bila kuwasha moto. Baadaye akasema atapeleka tena kwa bandari, mchana, kwa meli, au hatapeleka kabisa. Lakini kwa bandari kulikuwa na ushuru wa kutoka huku na ushuru wa kuingia kule, na donge la sabuni halina mahali pa kubebea ushuru wa namna hiyo. Basi alibaki na njia mbili tu: kuacha kazi au kurudi kwenye mtumbwi. Nilimjua. Angerudi kwenye mtumbwi.

Ndipo redio yangu ikasema jambo. Serikali za majirani, zile zile ambazo miaka michache nyuma zilikuwa zimetufungia mipaka ili viongozi wetu wakae mezani, sasa zilikuwa zikikutana na yetu kufungua biashara. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi hizi zingevuka bila ushuru. Maofisa wangepita kwanza kuziona bidhaa za watengenezaji wadogo. Nilitoka mbio uani, redio mkononi.

"Bila ushuru, Tantine!"

"Nani amesema?"

"Serikali."

"Ya nani?"

"Zote. Zimekubaliana. Ila kitu lazima kiwe kimetengenezwa hapa."

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto mwenye homa. "Sasa mi natengenezea wapi? Mbinguni?"

Maonyesho yalipangwa kufanyika kwenye ukumbi mmoja mjini. Tulijiandaa, na hapo ndipo tabia yangu ilipopata kazi. Nilimwambia Tantine kwamba maofisa hawawezi kuletewa madonge. Hakubisha hata kidogo, alikuwa ameshalifikiria hilo mwenyewe. Fundi seremala wa mtaa wa pili alitutengenezea kiunzi cha mbao zilizopigwa randa. Tulimimina uji wa sabuni humo, ukaganda usiku kucha, tukaukata kwa waya wa breki ya baiskeli. Kila mche niliufuta kwa kitambaa chenye maji mpaka ukang'aa. Wenye tundu la hewa niliutoa. Wenye kona butu niliutoa. Tantine alipita na vidole vyake akitafuta alama yoyote ya mkono, na akiipata aliifuta kwa mate, akacheka kwa furaha.

"Angalia! Iko kama ya duka!"

Tuliifunga kwa karatasi nyeupe. Niliikunja karatasi, nikaikunjua, nikaikunja upya. Mama yangu alisema hata maiti wa kwao hawakukafiniwa vizuri hivyo.

Ukumbini kulikuwa na meza ndefu, na nyuma yake walikaa maofisa wawili. Mmoja alikuwa Mtanzania, mama mnene mwenye miwani ya kuning'inia kwa mnyororo. Mwingine alikuwa wa kwetu, bwana mwembamba aliyevaa koti zito katika joto lile. Mbele yetu watu walionyesha asali, vikapu, na mvinyo wa ndizi ambao bwana wa koti aliuonja zaidi ya mara moja kwa ajili ya uhakika. Zamu yetu ilipofika nilisema salamu yangu niliyoifanyia mazoezi tangu alfajiri. Yule mama wa Tanzania akainua uso.

"We binti umesoma Dar?"

"Hapana, mama. Nimesikiliza tu."

Alicheka, akaufungua mche. Akaunusa. Akaugonga kwa ukucha. Akaugeuza pande zote, na nikamwona anatafuta kitu asichokipata.

"Hii mmeinunua wapi?"

"Tumeitengeneza."

"Kwa mashine gani?"

"Hatuna mashine, mama. Tuna sufuria."

Alimpa mwenzake. Yeye akaupima mkononi, akasema kwa Kifaransa kwamba bila shaka ni miche ya sokoni, wameichuna karatasi. Hakujua kwamba Kifaransa nacho nilikuwa nimekichukua kwenye vile vitabu vilivyoanzia katikati. Nilisikia masikio yangu yanawaka.

Mama wa Tanzania hakuwa mkali. Alinieleza taratibu, kama anayejua kwamba namfuata. Mlango huu ukifunguliwa, alisema, hautapitwa na wenye haki peke yao. Wapo watu wanaoagiza mali kutoka mbali sana, wanabadilisha karatasi, wanasema ni ya ukanda wetu. Alikuwa ameshaona biskuti za namna hiyo, ameona na viberiti. "Sasa mtu akiniletea sabuni isiyo na hata kasoro moja, na anasema ameipika uani, mimi nifikirie nini?"

Kiswahili hicho cha ofisini kilimpita Tantine, akanivuta kanga. "Anasema nini?"

"Anasema ni nzuri mno."

"Aksanti, mama!"

"Hapana, Tantine. Ni nzuri mno hadi haamini kuwa ni yetu."

Akapiga makofi. "Ooo! Leo nimeona mutu anakusifu kwa kukuita mwizi!"

Watu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni walicheka. Bwana wa koti hakucheka. Aliinamisha kichwa mbele, akamuuliza Tantine kwa Kiswahili cha mjini, "Na wewe unatoka wapi?"

Sijui kama msomaji wa sehemu nyingine anaweza kulisikia swali hilo kama tulivyolisikia sisi. Miaka ile liliulizwa kwenye vizuizi vya barabarani, liliulizwa usiku mlangoni, na kabla hujajibu ulimtazama kwanza anayeuliza, pua yake, sare yake, mkono wake ulipo. Foleni nzima iliacha kucheka. Nilitaka kujibu kwa niaba yake, akanitangulia.

"Mi natoka Nyakabiga," akasema Tantine.

"Nauliza habari ya sabuni," akasema bwana, na nadhani hata yeye alikuwa ameona aibu.

"Hata sabuni inatoka Nyakabiga. Tumekuja pamoja na miguu. Kama hamuamini, mukuje muone."

Walitazamana. Mama wa Tanzania akavua miwani. Alisema ana miaka mingi anakaa kwenye vikao vya mambo haya na hajawahi kuiona sabuni ikizaliwa. Watakuja kesho, baada ya chakula cha mchana.

Usiku ule sikulala vizuri. Kilichoniweka macho hakikuwa hofu tu, kilikuwa swali. Nilianza kuifuata sabuni nyuma, kitu kimoja kimoja, nikachanganyikiwa. Mawese yalitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka. Soda ilishushwa Dar es Salaam kutoka ng'ambo ya bahari, ikaja kwa reli hadi Kigoma, ikaletwa na meli. Chumvi ilikuwa ya Uvinza, Tanzania. Tantine mwenyewe alikuwa Mkongomani. Niliendelea kutoa, kutoa, na mwisho nikabaki na maji ya bomba letu. Je, walikuwa wanakuja kutazama bomba?

Walikuja kwa gari la serikali lililoshindwa kuingia kwenye uchochoro wetu, wakamalizia kwa miguu. Mama yangu aliazima viti kwa majirani wote. Tantine alikuwa ameshachemsha mawese na kuyapoza, na soda yake ilikuwa tayari kwenye ndoo ya plastiki. Bwana wa koti akaanza kuuliza lile lile nililokuwa nimejiuliza usiku. Mafuta ya wapi? Soda ya wapi? Chumvi? Tantine alijibu yote bila kuficha, nami nikawa namfafanulia mama wa Tanzania Kiswahili chake cha Uvira.

"Sasa mama," akasema bwana, "hapa cha Burundi ni kitu gani?"

Tantine alitazama huku na huku uani. "Maji. Na moshi," akasema. "Na hii kelele yote."

Nilidhani tumekwisha. Lakini mama wa Tanzania alisogeza kiti chake mpaka karibu na sufuria. Akachovya kidole kwenye mawese, akakipeleka bombani, akajaribu kunawa. Mafuta yakamganda, akaja kujifuta kwa kanga ya mama yangu. "Haya hayafui," akasema. "Tutaona yakitoka huko." Kisha akanieleza kanuni waliyoafikiana, na mimi niliisikiliza kama wengine wanavyosikiliza mpira. Hawaulizi tu vitu vimetoka wapi, alisema. Wanauliza pia kama vilivyoingia na kilichotoka bado ni kitu kile kile. Ukinunua mchele ukabadilisha gunia, ni mchele ule ule. Lakini kitu kikigeuka kuwa kingine kabisa, nchi yake ni pale kilipogeukia.

"Tulibishana sana juu ya unga," alisema. "Mahindi ya nchi moja, kinu cha nchi nyingine. Unga ni wa nani? Watu wazima, wenye tai, hatukuelewana mpaka chai ikapoa."

"Mukakata namna gani?" akauliza Tantine.

"Tuliahirisha."

Tantine alilipenda sana jibu hilo. Akamimina soda kwenye mafuta, akaanza kukoroga.

Kukoroga huko hakuna mkato. Ukiacha kabla ya wakati, mafuta yanapanda juu, soda inabaki chini, na umepoteza vyote viwili. Tulikuwa katikati ya kazi hiyo risasi ziliposikika upande wa juu, kwenye milima ya kule Gihosha. Kwanza moja moja, kisha nyingi. Kwetu ilikuwa kama mvua ya mbali, unasikiliza tu kama inakaribia. Lakini dereva wa gari alikuja akikimbia uchochoroni, akasema wakubwa waondoke kabla barabara hazijafungwa.

Bwana wa koti alisimama. Mama wa Tanzania alisimama pia, akatazama sufuria, ambayo bado ilikuwa mafuta mekundu yaliyopauka yanayozunguka.

"Bado kiasi gani?"

"Kidogo," akasema Tantine. Alikuwa akisema kidogo tangu mwanzo. Jasho lilimdondoka kidevuni, na mizunguko yake ikaanza kupungua kasi. Nilichukua mti. Nilikoroga vibaya, kwa hofu, nikihesabu mizunguko kimoyomoyo na kupoteza hesabu na kuanza upya, mpaka Tantine akaniambia, "We redio, acha kufikiri, zungusha!" Nilipochoka, nikastaajabu kuona mkono mwembamba unaupokea mti. Bwana alikuwa amevua koti. Chini yake alikuwa na shati lililoraruka kwapani, na pengine ndiyo sababu hakulivua koti siku zote mbili.

"Nilikuwa namkorogea bugali bibi yangu," akasema kwa Kirundi, bila kumwelekea mtu yeyote.

Uji ukaanza kumzuia. Tantine akamwambia ainue mti na kuchora mstari juu. Akachora. Mstari haukuzama, ulibaki palepale, mweupe kidogo, kama jeraha lililopona. Mama wa Tanzania alichota uji huo kidogo kwa kijiti, akaenda bombani, akasugua. Povu lilitoka, dogo, la kijivu, lakini povu.

"Imegeuka," akasema.

"Imegeukia hapa," akasema bwana, akivaa koti lake haraka.

Waliondoka karibu wakikimbia. Mlangoni mama yule aligeuka, akanipigia kelele kwamba tunahitaji alama, kitu ambacho askari wa forodha wa upande wa pili akikiona hatauliza kama alivyouliza yeye, na tuache kuipiga pasi ile sabuni kwa jina la Mungu.

Basi tulirudi kwenye kiunzi cha seremala, kwa sababu miche yake ilipangika vizuri masandukuni, ila kabla mche haujakauka Tantine aliukandamiza kwa vidole vyake vinne. Hakuna mche uliofanana na mwingine. Vidole viliingia pembeni, vikaingia ndani mno, vikapinda. Nilisimama karibu naye nikikunja mikono nyuma ili isiende kusahihisha. Sitadanganya kwamba niliziona alama hizo kuwa nzuri.

Karatasi zilitoka baada ya safari nyingi maofisini. Sabuni ilitambuliwa kuwa ya Burundi. Mpelekaji wake ilibidi awe Mrundi au mtu mwenye kibali kinachofanya kazi, na Tantine alikuwa na karatasi ya ukimbizi iliyopitwa na wakati, ambayo kila alipokwenda kuifanya mpya aliambiwa arudi. Mama yangu akaandikwa badala yake. Tantine alisema sawa. Alisema sawa haraka mno, akaingia ndani, na jioni ile hakutoka kuzungumza nasi uani kama kawaida yake.

Siku ya kupeleka masanduku bandarini tulikodi mkokoteni, mimi na yeye tukatembea nyuma yake mpaka geti. Ilikuwa asubuhi ya jua. Meli ilionekana nyuma ya mabohari, nyeupe na yenye kutu, na kwa mara ya kwanza Tantine angemwona nahodha asiyejificha. Askari wa getini alizisoma karatasi zote, akagonga sanduku moja kwa kiwiko, akaniruhusu. Kisha akaweka mkono mbele ya Tantine.

"Huyu mama, kitambulisho?"

Nikaanza kueleza. Nilieleza yote, mawese, kanuni, mahindi na kinu, kwa Kiswahili changu safi kuliko vyote. Askari alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, halafu akasema, "Sabuni ipite. Mama abaki."

Nilidhani Tantine atalia. Mimi nilikuwa karibu kulia. Aliyatazama masanduku, akamtazama askari, akashika kiuno.

"Angalia hii dunia! Mi ndiye nimeizaa, na imepata karatasi mbele yangu!"

Askari alijaribu kukaza uso, akashindwa. Alisema amri si yake. Tantine akaniambia niende, niende basi, meli haingoji watu wa kulia, na nisimame mpaka nione sanduku la mwisho limeingia ndani, nisikubali kuambiwa tu kwamba limeingia.

Niliufuata mkokoteni. Nilikuwa na maswali mengi kuhusu mahali pale, winchi, vibarua waliotupiana magunia ya saruji, maandishi ya nchi mbalimbali kwenye mabohari, nikataka kuuliza yote. Nilisimama mpaka sanduku la mwisho likaingia tumboni mwa meli. Nikasimama tena kidogo, kwa uhakika.

Nilipogeuka kumtafuta, alikuwa palepale upande wake wa geti. Alikuwa ametoa kipande cha sabuni kwenye pindo la kitenge, amekishika mbele ya askari, naye askari alikuwa ameinamisha shingo ili Tantine aweze kuiona vizuri kola yake.

"Hii unafua na nini, baba?" nilisikia anauliza. "Ona! Ona namna imekuwa!"